MANENO NA ASILI YAKE: Neno Lenye Ndege Ndani Yake



Mwezi huu twalichukua neno moja la Kiingereza ambalo watoto wetu hulikuta katika vitabu vyao, nao wazee hulisikia katika habari za ulimwengu. Neno lenyewe ni “inauguration”. Mtawala mpya akila kiapo, Waingereza na Wamarekani hulitumia neno hilo. Daraja likikatiwa utepe, shule ikifunguliwa, mkuu wa chuo akikalishwa katika kiti chake, hulitumia neno lilo hilo. Mwalimu akiulizwa maana yake hujibu upesi, “Ni kuanza kazi kwa sherehe,” wala hakukosea. Lakini mtoto mdadisi akimwuliza, “Kwa nini kuanza kunaitwa hivyo?” huenda mwalimu akanyamaza. Basi na tulipasue neno hili kama mtu apasuavyo nazi, tuone lililomo. Ndani yake tutakuta ndege. Tena tutakuta hofu ya kale ambayo si ya Wazungu peke yao, maana imo hata katika lugha yetu, na pengine imo katika nyumba zetu.

Mtazamaji wa ndege

Neno hili asili yake ni Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Waingereza walilipokea katika karne ya 16, wakati wenye elimu kwao walipokuwa wakichota maneno mengi sana katika Kilatini na Kifaransa. Lina sehemu tatu. Ya kwanza ni “in”, yaani ndani au katika. Ya mwisho ni mkia tu, ugeuzao tendo kuwa jina, kama sisi tutoavyo “ufunguzi” katika “fungua”. Ya katikati ndiyo kiini, nayo ni “augur”. Augur alikuwa mtu wa cheo kikubwa katika mji wa Roma, na kazi yake ilikuwa kutazama ndege.

Msomaji asicheke. Mtu huyu hakuwa mwindaji wala mfugaji, alikuwa mwaguzi. Warumi waliamini kwamba miungu yao, na hasa Jupiter mwenye anga, huonyesha kwa ndege kama inalikubali jambo linalotaka kuanzwa au inalikataa. Kwa hiyo kabla ya kumweka kuhani, kabla ya kukusanya watu kwa uchaguzi, kabla ya jeshi kutoka, kabla ya kutenga mahali pa ibada, hapana budi ishara zitafutwe kwanza. Yafaa tuangalie vema ni nini hasa alichoulizwa augur. Hakuulizwa, “Mwisho wa jambo hili utakuwaje?” Aliulizwa, “Je, tumepewa ruhusa kulianza?” Tofauti hiyo ni kubwa, nasi tutairudia mbele.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu. Alishika bakora isiyo na fundo, iliyopindwa kichwani. Kwa bakora ile alichora mipaka hewani: huu ndio upande wa kuume, huu wa kushoto, na mwisho wake ni pale macho yafikapo. Sehemu ile ya anga au ya nchi aliyoikata kwa maneno na macho iliitwa “templum”. Kisha alikaa kimya akingoja. Ndege wengine walisomwa kwa kuruka kwao, kama tai na tumbusi. Wengine walisomwa kwa sauti zao, kama kunguru na bundi. Kutokana na “templum” Waingereza wamepata neno lao la hekalu, na tena neno lao la kutafakari, “contemplate”. Hivyo mtu atafakariye kwa Kiingereza, kwa asili ya neno, ni mtu aliyekaa kimya mbele ya mahali palipotengwa, akiangalia kwa saburi.

Mwandishi Livy, aliyeishi siku za Kaisari Augusto, asimulia jinsi Numa Pompilius, mfalme wa pili wa Roma, alivyowekwa. Warumi waliuhesabu wakati huo kuwa mwaka 715 kabla ya Kristo, ingawa habari za wafalme wale wa kwanza zimechanganyika na hadithi nyingi. Watu walikuwa wamekwisha kumchagua, lakini Numa hakukubali kutawala mpaka miungu iulizwe. Akapandishwa ngomeni, akaketi juu ya jiwe akielekea kusini. Augur akaketi kushoto kwake, kichwa chake kimefunikwa, akaigawanya nchi na anga kwa bakora yake. Kisha akaihamisha bakora mkono wa kushoto, akaweka mkono wa kuume juu ya kichwa cha Numa, akaomba ishara. Ishara zilipoonekana, Numa akatangazwa, akashuka hali ni mfalme. Kitendo kile Warumi walikiita “inauguratio”, na hilo ndilo neno letu.

Basi maana yake ya kwanza ni kumwingiza mtu, au kitu, au mahali, katika kazi yake baada ya ishara kukubali. Sherehe na vigelegele vilikuja nyuma.

Jamaa za neno hili

Neno “augur” lenyewe limetoka wapi? Wenye kuchunguza lugha wamegawanyika. Wako waliosema, tangu zamani za Warumi wenyewe, kwamba mwanzo wake ni “avis”, yaani ndege. Wengine husema limetoka katika “augere”, maana yake kuongeza, kukuza, kustawisha. Hivyo augur ni mtu aombaye jambo lizidishiwe nguvu. Siku hizi wengi huelekea upande huo wa pili. Ikiwa ndivyo, neno hili lina jamaa wengi katika Kiingereza. Mtunga kitabu huitwa “author”, na mamlaka huitwa “authority”, nao ni wa shina hilo. Hata mnada huitwa “auction”, kwa kuwa mnadani bei huongezeka. Tarehe 16 Januari, mwaka 27 kabla ya Kristo, Baraza la Wazee la Roma lilimpa mtawala Octavian jina la heshima, Augustus, nalo huhesabiwa kuwa katika ukoo uo huo. Mwaka 8 kabla ya Kristo mwezi mmoja ukaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo kila tusemapo “Agosti”, yaelekea twamtaja ndugu wa neno hili bila kujua.

Lakini liko neno jingine ambalo halina ubishi. Kiingereza husema “auspicious” kwa jambo lenye mwanzo mwema. Hilo limeungwa na “avis”, ndege, na “specere”, kutazama. Mwingereza akisema hivyo leo hafikiri ndege hata kidogo. Ndege ameruka, limebaki tundu.

Ndege walipogombanisha watu

Twaweza kudhani kwamba desturi ile, hata kama haikuwa na kweli, ilileta walau amani, kwa kuwa watu walipata mwamuzi asiye na upande. Warumi wenyewe wametuachia habari zinazoonyesha vingine.

Habari ya kwanza ni hadithi ya mwanzo wa mji wao, ambao waliuhesabu mwaka 753 kabla ya Kristo. Ndugu pacha wawili, Romulus na Remus, walitaka kujenga mji, nao hawakupatana ni nani autie jina na kuutawala. Kwa kuwa walikuwa pacha, umri haukuweza kuamua. Wakaafikiana kuwauliza ndege. Romulus akasimama juu ya kilima cha Palatine, Remus juu ya Aventine. Remus akaona tumbusi 6. Alipokwisha kutangaza, Romulus akaona 12. Watu wa Remus wakasema, “Wetu ndiye aliyetangulia kuona.” Watu wa Romulus wakasema, “Wetu ndiye aliyeona wengi.” Maneno yakawa ugomvi, ugomvi ukawa vita, na Remus akauawa. Ndege walikuwa wamepita zao. Walioamua ni watu, tena kwa mikono yao wenyewe.

Habari ya pili ni ya mwaka 249 kabla ya Kristo, Warumi walipokuwa wakipigana na watu wa Carthage. Jemadari wao, Publius Claudius Pulcher, alichukua merikebuni kuku wa ibada, kama ilivyokuwa desturi. Kuku wale wakila kwa pupa, ni ishara njema. Wakikataa, ni mbaya. Siku ile walikataa kula. Claudius akaghadhibika, akaamuru watupwe baharini, akisema kwamba kama hawataki kula, basi wanywe. Akaenda kupigana mbele ya bandari ya Drepana katika kisiwa cha Sicily, akashindwa vibaya, merikebu 93 zikatekwa. Warumi wengi wakasema, “Kuku walijua.” Lakini Polybius, mwandishi hodari wa mambo ya vita, alipoieleza vita ile hakuwataja kuku. Alieleza kwamba merikebu zilizokuwa zimekwisha kuingia bandarini ziliamriwa kutoka, zikagongana na zile zilizokuwa zingali zikiingia, makasia yakavunjika. Kisha zikajipanga karibu mno na pwani, hata hazikuwa na nafasi nyuma ya kugeuka. Hiyo ndiyo sababu ya kushindwa. Kuku wangalikula mtama wote wa Sicily, bandari isingalipanuka.

Habari ya tatu ni ya mwaka 162 kabla ya Kristo. Wakuu wawili wa dola walikuwa wamekwisha kuchaguliwa na kuingia kazini. Ndipo Tiberius Gracchus, aliyesimamia uchaguzi ule, akaandika barua kutoka kisiwa cha Sardinia kwamba amekumbuka kosa katika utaratibu wa kutafuta ishara. Watu walikuwa wamechagua kwa halali, na wakuu wale hawakuwa wametenda uovu wo wote katika uchaguzi. Lakini mwanzo ulikuwa na kasoro, basi ilibidi wajiuzulu.

Na habari ya nne ni ya mwaka 59 kabla ya Kristo. Wakuu wa mwaka ule walikuwa Julius Caesar na Marcus Bibulus, nao hawakupendana. Caesar alitaka kupitisha sheria ya kugawa mashamba. Bibulus, aliposhindwa kumzuia mbele ya watu, alijifungia nyumbani mwake, akawa akituma habari kwamba anatazama anga kutafuta ishara, ili mikutano ya Caesar isihesabiwe kuwa halali. Caesar hakujali, akaendelea. Hapo twaona jambo lililoanza kama uchaji wa miungu limekuwa silaha mkononi mwa mwanasiasa.

Wenye akili katika Roma waliyaona hayo. Cicero, msemaji mashuhuri, yeye mwenyewe alifanywa augur mwaka 53 kabla ya Kristo. Hata hivyo mwaka 44 aliandika kitabu cha mazungumzo baina yake na ndugu yake Quintus juu ya uaguzi wa kila namna. Quintus autetea, Cicero auvunja hoja kwa hoja, ingawa aliona desturi yenyewe itunzwe kwa ajili ya utaratibu wa dola. Alivaa vazi la augur, naye hakusadiki ndege.

Neno lavuka bahari

Siku za ibada zile zilikwisha. Mwaka 391 na 392 baada ya Kristo, Kaisari Theodosius alitoa amri za kukataza dhabihu za miungu ya kale. Bakora zikawekwa chini, lakini neno halikufa. Lilivuliwa ndege, likavikwa kiapo, likaendelea na safari.

Huko Marekani limepata makao yake makubwa. Tarehe 30 Aprili, mwaka 1789, George Washington aliapishwa katika mji wa New York kuwa rais wa kwanza. Baadaye siku ya kuapisha ikawa 4 Machi, mpaka katiba ilipogeuzwa mwaka 1933. Na tangu 1937 siku yenyewe ni 20 Januari. Hapatazamwi ndege. Hata hivyo hofu ya mwanzo wenye kasoro haikutoweka kabisa. Mwaka 2009, Barack Obama alipokuwa akiapishwa, maneno machache ya kiapo yalitamkwa nje ya mahali pake. Kesho yake kiapo kikarudiwa, kwa kuondoa mashaka yote. Tiberius Gracchus angalielewa kabisa.

Wala sherehe haimlindi mtu. William Henry Harrison aliapishwa tarehe 4 Machi, mwaka 1841, siku ya baridi, akasimama bila koti akahutubu karibu muda wa saa mbili. Tarehe 4 Aprili alifariki. Watu wengi walisema ameuawa na baridi ya siku ile. Lakini siku hizi waganga waliochunguza upya habari za ugonjwa wake wamefikiri kwamba huenda ilikuwa homa ya matumbo, kwa sababu maji ya nyumba ya rais yalikuwa karibu na mahali palipomwagwa uchafu wa mji. Tazameni tena: watu waliangalia siku ya kwanza, kumbe huenda jambo lilikuwa katika maji.

Ndege katika lugha yetu

Msomaji aweza kusema, “Hayo ni ya Warumi, sisi yatuhusu nini?” Basi na asikilize Kiswahili chake mwenyewe. Twasema “ndege mwema” tukimtaja kiumbe mwenye mabawa. Lakini wazee husema pia “ndege njema” na “ndege mbaya”, na hapo hawamtaji kiumbe. Wataja fali, yaani ishara ya heri au ya shari anayokutana nayo mtu katika mwanzo wa safari au wa kazi. Waalimu waangalie jinsi upatanisho wa maneno ulivyogeuka: ndege akiwa mnyama ni “mwema”, akiwa ishara ni “njema”. Sarufi yenyewe yashuhudia kwamba maana ni mbili. Nao Wayunani wa kale walitumia neno lao la ndege, “ornis”, kwa maana ya ishara vilevile.  Kila mahali mtu aliposimama mlangoni asubuhi, mzigo kichwani, moyo ukimdunda kwa ajili ya njia asiyoijua, kitu cha kwanza kilichopita mbele yake kilikuwa ndege.

Tena liko neno letu la “uzinduzi”, ambalo siku hizi hutumika kila siku: uzinduzi wa barabara, uzinduzi wa kisima, uzinduzi wa kitabu. Hilo nalo tulipasue. Zamani mtu akiisha kujenga nyumba aliweza kumwita mganga aizindike, yaani aifanyie dawa ya kuikinga na mabaya, na dawa ile iliitwa zindiko. Kuzindua, kwa umbo lake, ni kinyume cha kuzindika, kama kufungua kulivyo kinyume cha kufunga: ni kuondoa zindiko. Tena ni kumwamsha aliye usingizini au aliyezimia. Kwa hiyo mkubwa akatapo utepe leo na watu wakapiga makofi, Mwingereza asema neno lenye mwaguzi ndani yake, na Mswahili asema neno lililo jamaa na hirizi. Wote wawili wameweka katika neno la mwanzo kumbukumbu ya hofu.

Wala kutumia maneno haya si dhambi. Asemaye “Agosti” hamwabudu Kaisari, na asemaye “uzinduzi” hafungi hirizi. Maneno husafishwa kwa matumizi, kama chungu kilichooshwa. Neno halina hatari. Hatari ni hofu yenyewe ikibaki hai na kushika usukani wa nyumba.

Bundi juu ya paa

Fikirini jambo lililo kawaida katika vijiji vingi. Mtoto ana homa siku ya tatu, na wazazi wamekubaliana kwamba alfajiri wampeleke hospitali. Usiku bundi alia juu ya paa. Bibi asema, “Ndege mbaya huyo, msitoke kesho.” Wangoja siku moja, labda mbili. Malaria kwa mtoto mdogo haingojei. Yaweza kumwua kwa muda wa siku moja au mbili tangu ilipozidi. Mtoto akifa, watu husema, “Bundi alijua,” kama Warumi walivyosema juu ya kuku. Na hapo bundi amepata sifa mpya kwa kifo ambacho kukawia ndiko kulikokileta.

Bundi alifuata nini pale? Chakula chake kikubwa ni panya, na panya hukaa penye ghala na jiko. Mwenye kukesha na mgonjwa husikia sauti ambazo waliolala hawazisikii. Bundi aliyelia mwezi mzima husikiwa usiku ule mmoja, naye hukumbukwa kwa ajili ya usiku ule. Kama angekuwa na ujumbe, ujumbe wake ungekuwa, “Ghala yenu ina panya.”

Basi wazee wetu wasidharauliwe, wala bibi yule asitukanwe mbele ya wajukuu. Anampenda mtoto kuliko atupendavyo sisi tuandikao. Asemapo “msitoke”, ndani yake mna neno jingine: “Naogopa.” Mkwe mwenye busara hushika mkono wake, humwambia, “Mama, hata sisi twaogopa, twende sote.” Mara nyingi hofu ikipewa kazi ya kubeba maji na nguo za mtoto, hupungua.

Swali jema na mwenye kuulizwa

Tuseme nini, basi, juu ya yule mwaguzi na bakora yake? Torati iliwakataza Waisraeli uaguzi wa namna hiyo, na wasomaji wetu wajua kwa nini. Lakini tusitupe swali pamoja na ndege. Swali lile, “Je, tuna ruhusa kuanza?” lilikuwa jema, ila aliyeulizwa hakuwa na jibu. Watu wengi wa leo wameacha kuuliza ndege, wakaacha na kuuliza kabisa. Mtu aanza shamba bila kuwauliza majirani wanywao maji ya mto ule. Kijana aanza nyumba ya ndoa bila kumwuliza binti kama moyo wake unataka. Mzazi amwanzisha mtoto ufundi bila kumwuliza mwalimu aliyemwona miaka saba ana kipawa gani. Watu hao hawana ushirikina hata kidogo, tena hawana ruhusa.

Wenye kuulizwa wapo. Yuko Mungu, naye huulizwa kwa maombi, wala haruki akapotea. Wako wale ambao jambo litawagusa. Iko akili tuliyopewa, ihesabuyo fedha, mvua na nguvu kabla ya jembe kuinuliwa. Hao wakiisha kukubali, anzeni. Na ndege akipita, mwambieni mtoto jina lake na chakula chake.

Kwa waalimu twatoa kazi ya mwezi. Waulizeni wanafunzi watafute katika lugha za kwao neno linalotumika kwa kuanza jambo kubwa: kulima shamba jipya, kuingia nyumba mpya, kumweka mzee katika kiti. Waandike neno hilo, kisha wawaulize wazee limetoka wapi, na ni nani aliyeulizwa zamani kabla ya kuanza. Wasicheke majibu, wayaandike. Katika darasa lenye watoto wa makabila matano mtapata vitabu vitano visivyopata kuandikwa.

Na jamaa za nyumbani, jioni moja baada ya chakula, na waulizane swali hili moja: ni jambo gani ambalo nyumba yetu imeliahirisha, nasi tukitafuta sababu hatupati ila hofu?

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutapasua neno jingine. Kwaherini.